Jibu: Miwani janja yenye kamera, niivae kazini au niiache?

Salaam, ndugu. Umeuliza kama uendelee kuvaa miwani janja kazini, ilhali wenzako wameanza kukukwepa. Kabla ya kuwalaumu, kagua kwanza kile kitaa kidogo kilicho mbele ya fremu: kwenye miwani janja aina ya Ray-Ban Meta huwaka kamera inaporekodi, lakini juani ni vigumu kukiona, hivyo aliyeketi mbele yako hawezi kuwa na hakika kama anarekodiwa au la. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard walionyesha kwamba picha za miwani hiyo, zikiunganishwa na programu ya kutambua sura, zinaweza kufichua jina na anwani ya mpita njia. Hofu ya wenzako, basi, si ya bure.

Mimi huivaa pale mikono yangu yote miwili inapokuwa na kazi, kwa mfano ninapofungua mashine na kutaka picha ya nyaya kabla ya kuzichomoa, na hapo simu haifui dafu. (Kwa asiyeona, kusomewa barua na miwani hiyo ni msaada mkubwa kuliko huo wangu.) Mkutanoni na msalani huitia ndani ya kasha, maana kuipandisha kichwani hakumtulizi mtu. Ikiwa lenzi zake ndizo unazoonea, beba pia miwani ya kawaida, la sivyo hutaweza kuivua.