Gari linachemsha kwenye foleni tu? Anza na feni
Mkuu, gari la kilomita 240,000 linachemsha kwenye foleni ila ukiwa barabara kuu linapoa, mi hapo ningeanza na feni ya rejeta (ile inayopoza maji ya injini) kabla sijamruhusu fundi afungue silinda hedi (sehemu ya juu ya injini). Washa AC gari limesimama, magari mengi feni inatakiwa izunguke, isipozunguka cheki fyuzi na rilei (swichi ndogo ya umeme inayowasha feni), unaweza kuazima rilei ya honi kama zinafanana, dakika 5 ushajua. Feni nzima? Basi osha rejeta kwa mbele inajaaga vumbi na wadudu. Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto aisee, yale maji yanababua. Na fundi akitaka kutoa themostati (vali inayodhibiti joto la injini) mkatalie kabisa, injini itakosa joto lake na itakunywa mafuta, weka mpya na kulanti (maji maalum ya rejeta), maji ya bomba yanaleta kutu.