Ule mzinga wa Madagaska ulikuwa unamngoja nani?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kaka yangu ni baharia, juzi kanitumia picha kutoka Ramena, kaskazini kabisa mwa Madagaska. Rasi nzuri jamani, maji yana rangi ya zumaridi, halafu vichakani kuna mzinga mkubwa umeshikwa na kutu, mdomo unaangalia bahari. Nani aliuweka, na ulikuwa unamngoja nani?
Msomaji, Bombo

JIBU: Marahaba. Hiyo ni rasi ya Orangea, ndiyo inayolinda mlango wa ghuba ya Diego Suarez, siku hizi mji wake unaitwa Antsiranana. Wafaransa ndio waliojenga pale kambi na kupanga mizinga, na yote waliielekeza baharini, mashariki, maana meli haina njia nyingine ya kuingia ghubani ila hapo mlangoni.

Sasa mwaka 1942 Madagaska ilikuwa chini ya serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, na Waingereza wakaogopa Wajapani wataichukua bandari ile wafunge njia ya meli za Misri na India. Basi tarehe 5 Mei wakashuka, lakini hawakuja mlangoni, walishukia magharibi, ghuba ya Courrier na Ambararata, wakatembea nchi kavu mpaka mjini! Ile mizinga imekodolea bahari, mgeni kapitia uani. Usiku wa tarehe 6 manowari moja tu, Anthony, ikapita mlangoni na wanamaji 50 ikawashusha bandarini, na tarehe 7 Orangea ikasalimu amri. Mimi kinachoniuma ni kwamba haikuishia hapo, tarehe 30 Mei nyambizi ndogo ya Wajapani ikapenya mlango uleule ikaitoboa manowari ya Waingereza, Ramillies, na kuizamisha meli ya mafuta.

Na wewe wa Bombo, mji wa keya, yaani askari Waafrika wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles, ujue keya wa Afrika Mashariki nao walipelekwa, Septemba wakashukia bandari ya Majunga, pwani ya magharibi, wakapigana kuelekea kusini mpaka vita vikasimama Novemba. Hawa hawasahauliki kwangu, ila kwenye picha za watalii huwaoni.

Kaka yako akirudi tena avae viatu vigumu, abebe maji, na ashike kofia kwa sababu upepo wa varatraza unavuma kuanzia Aprili mpaka Novemba, mkali kweli. Halafu mwambie asimame mbele ya mzinga, aipe bahari mgongo, apige picha kuelekea magharibi. Ule upande walikotokea Waingereza utauona.