Njia ya baiskeli isiyo na magari: niliyojifunza Hell's Gate baada ya kuachwa vumbini

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Kisumu, mwalimu kwa kazi yake, ambaye hajapanda baiskeli tangu lori lilipomsukuma nje ya lami kwenye barabara ya kwenda Busia na kumtupa mtaroni. Mkono uliovunjika ulipona, lakini woga ungalipo. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, kuna mahali ninapoweza kuendesha baiskeli kutwa nzima, penye milima, bila kusikia honi nyuma yangu?" Nilimjibu usiku uleule kwamba papo, na kwamba nilikuwa nimetoka huko Jumapili iliyotangulia nikiwa na furaha ambayo sijaipata kwa miaka mingi. Baadaye niliona jibu hilo fupi halimtoshi, kwa sababu mimi mwenyewe nilipokwenda mara ya kwanza nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, na sitaki yeye wala msomaji mwingine apitie nilikopitia.

Mahali penyewe ni Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, katika Kaunti yetu ya Nakuru. Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1984, ina ukubwa wa takriban kilomita 68 za mraba, na ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli. Sisi wa Nakuru tunaishi mlangoni pa mbuga nyingine, ile ya Ziwa Nakuru, lakini kule kuna simba na vifaru, na baiskeli si chombo cha kupita nacho kati yao. Hell's Gate ni bonde lililofungwa na majabali mekundu yaliyosimama wima, nayo milima ya volkano imelizunguka: upande wa mashariki unauona Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, na upande wa magharibi vilima vya Olkaria vikifuka mvuke.

Nilikwenda huko kwa mara ya kwanza mwaka 2017, pamoja na kikundi cha waendesha baiskeli wa hapa Nakuru ambacho sitakitaja. Tulikuwa watu 9. Tulipakia baiskeli kwenye keria ya matatu saa mbili asubuhi, tukachelewa Naivasha tukitafuta chai, na tulipolipita lango la Elsa ilikuwa inakaribia saa tano. Ilikuwa Jumamosi, katikati ya likizo ya Agosti. Magari ya watalii yalipita moja baada ya jingine kwenye barabara kuu ya mbuga, ile inayotoka langoni hadi kwenye korongo la Ol Njorowa, na kila gari liliacha nyuma yake wingu la vumbi. Vumbi la kule si la kawaida, kwa maana ardhi yote ni majivu ya volkano, laini kama unga wa muhogo, nalo huingia puani, machoni na ndani ya mnyororo. Nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilomita 70 kuyakimbia magari ya barabara kuu ya Nairobi, na sasa nilikuwa nyuma ya magari yaleyale, nikiwa na kiu zaidi.

Kisha nikapata pancha. Niliziba, nikasonga mbele, nikapata ya pili, na kabla sijamaliza kuipuliza tairi hiyo nikagundua kwamba ile ya mbele nayo imelala. Kiongozi wa kikundi aliniambia wangenisubiri kwenye Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba ulio mbele kidogo ya lango. Nilipofika nikiisukuma baiskeli, hapakuwa na mtu. Palikuwa na pimbi tu, wakiota jua juu ya mawe. Nilikaa kivulini pa mwamba huo kwa zaidi ya saa mbili, nikimeza matone ya mwisho ya maji yangu, nikisubiri watu niliowaita marafiki. Walirudi jioni wakicheka. Usiku huo kiongozi aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba safari za milimani si za kila mwanamume, na wengine wakaweka alama za vicheko. Sikujibu. Nilijiondoa kwenye kundi, na kwa miaka miwili baiskeli yangu ilining'inia ukutani.

Ninaieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu najua wengi wenu mmeachwa hivyo, na pia kwa sababu kosa halikuwa la miguu yangu. Saa tuliyoingia haikufaa, njia tuliyoichagua haikufaa, na hakuna kati yetu aliyejua namna ya kuziba pancha mahali penye majivu. Hayo matatu ndiyo ninayotaka kumfundisha dada wa Kisumu.

Nianze na saa. Ingieni lango linapofunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi. Ili mfanikiwe, msijaribu kutoka Nakuru siku hiyohiyo. Laleni karibu na njia panda ya kuelekea lango la Elsa, kwenye barabara ya Moi iliyo kusini mwa ziwa, kwa sababu barabara hiyo nayo asubuhi hujaa mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, na hutaki kuianza siku yako ukiwa pembeni mwake. Kutoka njia panda hadi langoni ni mwendo mfupi tu. Malipo yafanyeni kwa simu usiku uliotangulia, maana pesa taslimu hazipokewi. Mkifanya hivyo mtapata takriban saa tatu nzima kabla magari ya wageni hayajafika, na saa hizo tatu ndizo nilizozikosa mwaka 2017.

Pili ni njia. Karibu kila anayeingia hukimbilia korongo, kwa hiyo magari yote hufuata barabara ileile ya chini, ambayo haifiki hata kilomita 10. Wewe chepuka. Upo mzunguko unaoitwa Buffalo Circuit, unaoiacha barabara kuu na kupanda vilima, kisha unakuonyesha bonde lote kwa chini na Longonot kwa mbali. Wenye magari huuepuka kwa kuwa una mawe na mteremko, na wanaokodi baiskeli pale njia panda huuepuka kwa kuwa unachosha. Mimi na mpwa wangu wa miaka 16 tuliupanda Jumapili ile na hatukukutana na gari hata moja tangu tulipoiacha barabara kuu hadi tulipoirudia. Tulisikia upepo kwenye vichaka vya mileleshwa, tukasikia tairi zikisaga changarawe, na mahali fulani tukawasikia pundamilia wakibweka kabla hatujawaona. Mpwa wangu alinitangulia kileleni, akageuka, akanisubiri. Sikumwambia neno, lakini machozi yalinilengalenga.

Upande wa Olkaria siupendekezi kwa mtu anayeogopa magari. Mvuke wa ardhini umezalisha umeme huko tangu mwaka 1981, mabomba makubwa yamekatiza vilima, na magari ya kazi hupita siku zote za juma. Ni kazi yenye manufaa kwa taifa, nami siilaumu, lakini anayetafuta ukimya hataupata huko.

Tatu ni pancha, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Miiba ya migunga ya kule ni mirefu kama sindano ya kushonea magunia, na mara nyingi ukichomoa mmoja, ncha yake hubaki ndani ya tairi ikiusubiri mpira utakaoupachika. Ndivyo nilivyopata pancha ya pili ile siku: niliuziba mpira na kuuacha mwiba. Sasa hufanya hivi. Huipindua baiskeli juu ya kanga iliyotandikwa, wala si juu ya ardhi tupu. Hutoa mpira, huupuliza, na kuusogeza karibu na mdomo wangu polepole, kwa sababu midomo huhisi pumzi ndogo ambayo masikio hayaisikii penye upepo. Nikilipata tundu, huliwekea alama kwa kalamu. Kisha hupitisha kidole ndani ya tairi, taratibu, duara zima, hadi ncha ya mwiba iniume, nami huivuta kwa koleo. Ndipo hufuta mpira kwa kitambaa chenye maji, husubiri ukauke, huukwaruza kwa msasa, hupaka gundi, husubiri tena mpaka isinate kidoleni, na kubandika kiraka kwa kukikandamiza huku nikihesabu hadi 100. Ukiharakisha, majivu huingia chini ya kiraka, na baada ya kilomita moja utakuwa chini tena. Tulipata pancha mbili safari hii, na kila moja ilituchukua dakika 20. Mpwa wangu aliiziba ya pili mwenyewe.

Anayekodi baiskeli pale njia panda na akague breki, gia na tairi kabla ya kulipa, na asione haya kukataa baiskeli mbovu. Vijana wa pale ni waungwana, watakuletea nyingine. Beba maji lita tatu kwa kila mtu. Mimi zamani nilibeba lita moja.

Kuhusu wanyama, pundamilia, ngiri, kongoni na twiga hawana shida na wewe ukipunguza mwendo na kuwapa nafasi ya kuvuka. Nyati ni jambo jingine. Kwenye mzunguko ule tuliwakuta madume watatu wazee wamesimama njiani, mbali nasi kiasi cha mita 100. Tulishuka, tukazishika baiskeli mbele yetu, tukarudi nyuma bila kupiga kengele wala kuwapa mgongo, tukasubiri nyuma ya mwinuko karibu dakika 40 hadi walipoingia kichakani. Mpwa wangu alitaka tupite kando yao haraka. Nilimkataza kwa ukali, na ningemkataza tena. Kijana anayeona aibu kumsubiri nyati atawatia watu hasara, na kikundi kinachomcheka anayesubiri hakifai kufuatwa.

Mkifika korongoni, baiskeli hubaki juu, nanyi hushuka kwa miguu pamoja na kiongozi wa njia. Msishuke hata kidogo ikiwa kuna mawingu mazito, hata kama juu yenu jua linawaka. Mvua hunyesha mbali, maji yote hukusanyika kwenye ule mfereji mwembamba wa mawe, na huwafikia watu kabla hawajapata mahali pa kupandia. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu humo. Katika miezi ya mvua za masika, kati ya Machi na Mei, mimi huendesha baiskeli juu na kuliacha korongo kabisa.

Dada wa Kisumu aliniuliza pia kuhusu Mlima Elgon, kwa kuwa ni karibu zaidi naye. Nimeupanda kwa miguu tu, kutoka lango la Chorlim, na ninaupenda kwa misitu yake na kwa pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Lakini ndovu ndio sababu simshauri mtu aanze safari zake za baiskeli huko. Aanze Hell's Gate, ajenge miguu na moyo, kisha mengine tutayazungumza.

Miguu hujengwa nyumbani. Baada ya ile miaka miwili ya kukaa bure, niliishusha baiskeli ukutani na kuanza kupanda Menengai kila Jumamosi alfajiri, kutoka mjini hadi ukingoni mwa kreta, ambao uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Miezi mitatu ya kwanza niliisukuma zaidi ya kuipanda. Walionipita wakanicheka walikuwepo, na wengine walikuwa walewale wa mwaka 2017. Sikuacha. Aliye Kisumu ana vilima vya Riat, na avipande kabla magari hayajaamka. Asisubiri kikundi, asisubiri baiskeli ya bei ghali, asisubiri mtu wa kumpa ruhusa. Na akishapata watu wa kwenda nao, wakubaliane kabla ya kutoka nyumbani kwamba mwendo ni wa yule aliye nyuma kabisa. Mtu akilikataa sharti hilo, msimchukue, hata kama ndiye mwenye pampu.

Dada huyo amenijibu. Atapanda gari la Kisumu Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ashuke Nakuru alale kwa dada yangu, na Jumamosi mchana tutateremka pamoja hadi Naivasha, baiskeli zikiwa juu ya matatu. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi tutakuwa langoni. Mpwa wangu ameshanunua viraka vipya na kipande cha msasa, na amesema kwamba yeye ndiye atakayekaa nyuma.