Je, kila uvumi wa njama hupandwa na serikali?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Kaka yangu anashikilia kwamba imani zote za ajabu, kama zile za visahani vya angani (vyombo vinavyodaiwa kutoka sayari nyingine), zimetungwa na serikali makusudi ili wanaohoji waonekane wajinga. Je, inafaa kuamini hivyo?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Kwamba serikali huzusha uongo ni jambo lililothibiti. Mwaka 1983 gazeti moja la India lilichapisha barua iliyodai kuwa UKIMWI ulitengenezwa na Marekani. Uvumi huo ulienezwa na KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti, na mwaka 1992 Yevgeny Primakov, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri hivyo. Kwa hiyo kaka yako hakuanzia patupu.

Kilichomponza ni lile neno “zote”. Tuchukue mfano wake mwenyewe. Kuanzia mwaka 1955 Marekani ilirusha kwa siri ndege za upelelezi za U-2, zilizopaa zaidi ya futi 60,000, kimo ambacho wakati ule watu hawakudhani ndege ingefika. Walioziona ziking'aa juani waliripoti vitu vya ajabu, na Jeshi la Anga, kwa kulinda siri, likawajibu kwa maelezo ya hali ya hewa. Huo ni uongo, naam, lakini ni uongo wa kuficha ndege, si wa kubuni visahani, kwani habari za visahani zilikwisha kuvuma tangu 1947. Kuficha jambo na kutunga imani ni madai mawili tofauti, na kila moja lina ushahidi wake.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuichunguze habari inayoletwa na fasiki, na katika aya ya 12 tujiepushe na dhana nyingi. Watu huisoma aya ya kwanza dhidi ya serikali na kuisahau ya pili wanapoituhumu. Tena dai la kaka yako lina kasoro ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote: ushahidi ukikosekana, atasema umefichwa, na dai lisiloweza kukanushwa kwa lolote haliwezi kuchunguzwa.

Hivyo, akitaja tukio maalumu lenye ushahidi, inafaa kuliamini kwa kadiri ya ushahidi huo. Akisema “zote”, hiyo ni dhana, haifai kuiitikadi wala kuieneza. Na ikiwa ameshaieneza kama jambo la yakini, awarudie aliowaambia awabainishie.

Wallahu a'lam.