VMAX ya 1990: gia ya pili kuchomoka si "kawaida yake"

Salama ndugu. Umeuliza kama uichukue pikipiki ya Yamaha VMAX ya 1990 ambayo gia ya pili inachomoka ukivuta mafuta, na muuzaji anakwambia ndivyo zilivyo. Usikubali. Anza na hiyo gia kabla hujatazama rangi: weka ya pili, tembea taratibu, kisha vuta mafuta kwa nguvu. Ikichomoka, injini lazima ishushwe na kupasuliwa, na gharama hiyo aipunguze kwenye bei.

Yangu niliipenda mno. Silinda 4, cc 1,198, na ukikaribia mizunguko 6,000 kwa dakika, mfumo wake wa V-Boost unaanza kufungua njia ili kila silinda ivute hewa na mafuta kutoka kabureta mbili. Mikono inanyooka, kiti kinakusukuma mgongoni. Nilikuwa nasubiri barabara iwe tupu ili niusikie tu ule mngurumo.

Udhaifu wake ni kona. Fremu inacheza ukiingia kwa kasi, na breki za kabla ya 1993 ni ndogo kwa uzito ule. Tangi liko chini ya kiti, lita 15 tu.

Ikikaa muda mrefu, kabureta zote 4 huziba. Iwashe ikiwa baridi. Ikishapata moto, toa choki usikilize kama inatulia.