Hifadhi ya imeji inayokataa wageni

Swali: Ndugu Mhariri, nimesimika hifadhi binafsi ya imeji za kontena (vifurushi vya programu vilivyo tayari kuendeshwa) kwenye seva ya ofisi yetu hapa Jinja. Seva yenyewe inaitumia vizuri, ila kompyuta za wenzangu zinakataliwa. Kosa liko wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, Docker, programu inayoendesha kontena, huiamini anwani ya localhost (yaani kompyuta yenyewe) bila usimbaji, lakini kwa anwani nyingine hudai cheti cha TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano ya mtandaoni. Tengeneza cheti chenye jina la seva, kisha unakili ca.crt, faili la cheti kinachothibitisha seva hiyo, katika kila kompyuta, ndani ya /etc/docker/certs.d, kwenye folda yenye jina hilo na namba ya mlango, mathalani hifadhi.ofisi:5000. Ukishauriwa kuiruhusu hifadhi isiyo salama, tafadhali usikubali, kwani mawasiliano yanaweza kupita wazi mtandaoni. Pia unganisha /var/lib/registry, folda ya ndani ya kontena ya hifadhi inamowekwa imeji, na folda ya seva, la sivyo siku utakapobadilisha kontena, mpya itaanza tupu.