Mchoro wa sentimita 16 umekuwa 15: maswali ya vijana wa Malindi kuhusu programu yao ya kuchora

Swali

Assalamu alaikum, mwalimu. Sisi ni vijana watatu wa Malindi. Huu ni mwaka wa pili tunatengeneza programu ya kuchora michoro ya vekta (mistari na maumbo yanayohifadhiwa kama namba) kwa ajili ya wanafunzi na wahadhiri: grafu, maumbo ya jiometri, ramani ndogo, vifaa vya maabara. Tumeiandika kwa lugha ya C++ juu ya Qt (maktaba ya kujengea madirisha na vitufe), maandishi yanapitia LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi ya kitaaluma), na faili tunahifadhi kwa XML (maandishi yenye alama za kuyapanga). Inatumika kwenye Windows, Linux na Mac. Mwezi uliopita tulitoa toleo la pili, na tangu hapo simu hazikomi. Mwanafunzi wa uzamili anayechora mikato ya jahazi, mwenye laptopu ya mtumba yenye Linux, alihifadhi mchoro jioni. Asubuhi alipoufungua umesambaratika. Kwetu sote watatu kitu hicho hakitokei. Mhadhiri mmoja naye analeta ndani ya programu yetu michoro yake ya zamani ya SVG (muundo wa faili za vekta). Mchoro uliokuwa sentimita 16 sasa unatoka 15, na maandishi yamemwagika nje ya visanduku. Wenye Mac mpya wanaambiwa programu imeharibika na waitupe kwenye taka. Je, tuiandike upya iwe ya kwenye kivinjari, tuepukane na mifumo mitatu? Na tuwe tunatoa toleo jipya kila baada ya muda gani?

Jibu

Wa alaikum salaam, wanangu. Mmefanya vyema kuambatanisha faili yenyewe pamoja na msimbo wa kuhifadhi, maana bila hivyo ningebaki kupiga ramli.

Nianze na jahazi. Nimeifungua faili ile kwa kihariri cha kawaida cha maandishi, si kwa programu yenu. Katika nakala ya zamani mstari wa kwanza wa umbo unasomeka hivi: `112.5 64.25 m`. Katika nakala iliyoharibika: `112,5 64,25 m`. Nukta imegeuka koma. Hilo tu. Programu yenu inapoisoma tena, inaichukulia koma kuwa kitenganishi, kama SVG inavyoruhusu, kwa hiyo nukta moja ya mchoro inakuwa mbili: moja iko 112 na 5, ya pili iko 64 na 25. Sasa tazameni umbo lenyewe. Kila kimo kimekuwa tarakimu za desimali, hazizidi 99, ndiyo maana jahazi zima limelala chini ya ukurasa, mkuku na mataruma vimerundikana kama kuni.

Ile laptopu alinunua kwa nani? Nathubutu kusema ilikuwa ya Mtaliano. Malindi hapo Waitaliano wamejaa, na mashine zao zinapouzwa mara nyingi lugha ya menyu inabadilishwa lakini mpangilio wa namba unaachwa vilevile. Kwa Kiitaliano desimali huandikwa kwa koma, kama ilivyo kwa Wajerumani na Wafaransa. Kenya tunatumia nukta, ndiyo maana ninyi watatu hamkuliona tatizo hata mara moja.

Kosa liko wapi? Katika toleo la kwanza mlikuwa mnaandika namba kwa njia za Qt, ambazo hazijali mashine ni ya nani. Katika toleo la pili mmehamia `fprintf`, amri ya C ya kuandika kwenye faili, nadhani kwa ajili ya kasi. Hiyo hufuata mpangilio wa nchi uliowekwa ndani ya programu. Kwenye Windows programu ya C huanza na mpangilio wa kawaida wenye nukta na hubaki hapo mpaka uubadilishe mwenyewe. Kwenye Linux, Qt ikianza tu huchukua mpangilio wa mfumo. Msimbo ni uleule, mashine mbili, majibu mawili. Upande wa kusoma mliuacha na njia ya Qt, kwa hiyo mwanafunzi alifungua salama, akachora jioni nzima bila kuona kasoro, na madhara yakaingia pale tu alipohifadhi.

Dawa ya leo ni mstari mmoja, mara tu baada ya kuunda `QApplication`: `setlocale(LC_NUMERIC, "C");`. Dawa ya kudumu ni kutoandika namba za faili kwa kitu chochote kinachofuata nchi. C++17 ina `std::to_chars` na `std::from_chars`, ambazo hazifuati. Ila hakikisheni kikusanyaji (compiler) chenu cha Mac kinazimudu kwa namba za desimali, maana upande huo ulichelewa. Kama hakizimudu, rudini kwenye njia za Qt. Kasi mliyoitafuta hata hivyo haionekani: mchoro wa tasnifu una maumbo mia chache, ni nani atakayehesabu milisekunde?

Faili ya mwanafunzi inaokoka. Kwa bahati mnatenganisha namba kwa nafasi, kwa hiyo koma yoyote iliyo ndani ya mistari ya maumbo ni nukta iliyopotea njia. Andikeni kijiprogramu kinachobadilisha koma katika mistari hiyo peke yake. Msiguse maandishi: nimeona lebo yake moja imeandikwa "mkuku, fashini na mataruma", na koma ile ni yake mwenyewe.

Sasa mhadhiri. Hapa namba zinajitaja zenyewe. Kumi na tano kwa kumi na sita ni sawa na tisini kwa tisini na sita. Anayeijua Inkscape, programu ya bure ya kuchora SVG, akiona uwiano huo anatabasamu kwa uchungu. Mpaka toleo la 0.91, Inkscape ilihesabu pikseli 90 kwa inchi moja. Kanuni za CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti, zilikuwa zimeshasimama kwenye 96, na mwezi wa Januari 2017, katika toleo la 0.92, Inkscape ikahamia huko. Mchoro wa zamani uliopimwa kwa pikseli ukisomwa kwa kipimo kipya unapungua hadi asilimia 93.75. Ninyi katika toleo la pili "mlirekebisha" usomaji wa SVG ufuate 96. Kikanuni mko sahihi. Ila michoro ya mhadhiri ilizaliwa kabla ya 2017, na herufi zenu hazikupungua pamoja na maumbo kwa sababu ukubwa wake unatoka LaTeX. Visanduku vimesinyaa, maneno yamebaki na mwili wake.

Watu wa Inkscape walilitatua kwa njia ambayo ningewashauri muige: programu ikikutana na faili ya zamani, inamuuliza mwenyewe. Ndani ya SVG nyingi za Inkscape kuna sifa inayoitwa `inkscape:version`. Isomeni. Ikiwa chini ya 0.92, na faili haina `viewBox` (sifa inayotaja eneo la mchoro) pamoja na upana uliotajwa kwa milimita, muulizeni mtumiaji kama anataka mchoro ubaki na ukubwa wake wa zamani. Vikiwepo vyote viwili, kipimo kinajulikana bila kubahatisha, na hamna haja ya kumsumbua.

Ngoja niwaonyeshe mtego ulio jirani na huo, maana mimi umeninasa. Pointi, kipimo cha wachapaji, ya LaTeX si pointi ya PDF. Katika inchi moja mna pointi 72.27 za LaTeX, lakini 72 za PDF. Tofauti haifiki hata nusu asilimia. Kwenye mstari wa milimita 150 ni kama nusu milimita. Niliwahi kuichanganya katika chombo kidogo nilichowaandikia wenzangu, na hakuna aliyegundua kwa miezi, mpaka mmoja akaweka mchoro wetu juu ya picha iliyopimwa na mistari ikakataa kulaliana. Nililaumu printa kwa wiki nzima.

Makosa yote mawili ya kwanza yana mzizi mmoja, na hapa ndipo nataka mkae kidogo. Mmekuwa mkiihesabu programu kuwa ndiyo kazi yenu, na faili kuwa takataka inayobaki nyuma yake. Kwa mtu wa chuo ni kinyume. Anachora mwaka huu, anatetea tasnifu mwaka wa kesho kutwa, anaandika makala baadaye kwa mchoro uleule, kisha anamwachia mwanafunzi wake. Programu anaweza kuifuta na asiikumbuke. Faili hawezi.

Kwa hiyo ipeni faili namba yake ya toleo, tofauti na namba ya programu. Programu inaweza kufika toleo la 9 huku faili ikiwa bado ya 2, na hiyo ni sifa njema. Programu ya zamani ikikuta faili ya namba kubwa kuliko inayoijua, ikatae waziwazi na iseme kwa nini. Msiiruhusu ifungue nusu, iruke isichokielewa, kisha ihifadhi juu yake. Huko ndiko kupoteza kazi ya mtu kimyakimya.

Kama mnataka kuona jambo hili limefanywa kwa subira, itazameni programu ya kuchora iitwayo Ipe. Ilianzishwa mwaka 1993 na Otfried Cheong, mtaalamu wa jiometri ya kompyuta, na hadi leo ipo, kwenye mifumo yote mitatu, na maandishi yake hupitia LaTeX kama yenu. Muundo wa faili umebadilika zaidi ya mara moja katika miaka hiyo, lakini kila mara kulitolewa chombo cha kuvusha faili za zamani: `ipe5toxml` kwa za toleo la 5, `ipe6upgrade` kwa za toleo la 6. Na ina ujanja mmoja ninaoupenda sana: inaweza kuhifadhi mchoro kama PDF ya kawaida huku XML yake imefichwa ndani ya PDF hiyohiyo. Msimamizi wa tasnifu anaifungua kwenye simu na kuona picha. Mchoraji anaifungua kwenye Ipe na kuendelea kuhariri. Faili moja, hakuna "nitumie ile ya asili". Jifunzeni hapo.

Kuhusu majaribio, mna jaribio la kila kitufe lakini hamna hata moja la faili kuukuu. Tengenezeni folda ya michoro halisi kutoka kila toleo mlilowahi kutoa, pamoja na ile ya jahazi na za mhadhiri wakiridhia. Kila mnapojenga programu, mashine izifungue zote, izigeuze kuwa picha, na ilinganishe na picha za jana. Ruhusuni tofauti ndogo pembezoni mwa mistari, kwa sababu mifumo hailainishi kingo sawasawa. Kisha jaribio la pili, rahisi zaidi: fungua, hifadhi, linganisha XML. Hilo peke yake, likiendeshwa kwenye mpangilio wa Kiitaliano, lingewaamsha kabla ya mwanafunzi.

Mac ni suala la karatasi zaidi kuliko la ufundi. Mashine zenye chipu za Apple, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, haziendeshi msimbo wao wa asili usiotiwa saini, na programu iliyopakuliwa bila kuidhinishwa na Apple ndiyo hupewa ujumbe huo wa kutisha wa "imeharibika". Haijaharibika. Uanachama wa watengenezaji ni dola 99 kwa mwaka, changeni. Kwa sasa anayewaamini anaweza kuondoa alama ya karantini, ile Mac inayoibandika faili iliyopakuliwa, kwa amri ya `xattr`, lakini msiwazoeshe watu kuzima kinga za mashine zao kwa ajili yenu.

Kivinjari? Sikushaurini. Mngepona na Apple, mngeugua kwingine. Huku kwetu Amu mtandao ukikatika unakatika, na mtu amebakiwa na siku mbili kabla ya kuwasilisha. Programu iliyo kwenye laptopu yake haimuulizi bando. Hilo linanikumbusha: LaTeX kamili ni gigabaiti kadhaa. Orodhesheni vifurushi vichache mnavyovihitaji kweli, na hifadhini ndani ya faili matokeo ya kila lebo iliyokwisha kupangwa, ili anayefungua tu kutazama asilazimike kuwa na LaTeX kabisa.

Toleo kila lini? Kosa linaloharibu faili lirekebishwe siku hiyohiyo, likiwa peke yake, bila kusindikizwa na kitufe kipya. Vitu vya kupendeza vinaweza kungoja. Kubadilisha muundo wa faili, si zaidi ya mara moja kwa mwaka, na kamwe si wakati wa kuwasilisha tasnifu. Programu isijisasishe yenyewe. Itoe taarifa tu. Na toleo jipya lisifute la zamani: mtu aweze kuwa nayo yote mawili mpaka amalize sura yake.

Usiku wa leo fanyeni hivi kwanza. Kwenye mashine moja ya Linux sakinisheni mpangilio wa Kiitaliano, kisha anzisheni programu yenu ikitanguliwa na `LC_ALL=it_IT.UTF-8`. Chora mstari mmoja, hifadhi, tazama XML. Mkiona koma, mnajua pa kwenda. Na mpigieni yule mwanafunzi kabla hajakata tamaa akaanza jahazi upya: mwambieni asihifadhi tena chochote juu ya faili ile.